Monita Imekuwa Nyeusi: Uliza Kwanza, Nunua Baadaye

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima
Msemaji: Afisa Elimu ya Watu Wazima, Hamugembe, Bukoba

MANENO YA SOMO

Laptopu: kompyuta ndogo ya kubeba, huitwa pia kompyuta mpakato.
Monita: kioo kikubwa cha nje kinachounganishwa na kompyuta kwa waya.
Sasisho: programu mpya inayoingia kuchukua nafasi ya ya zamani, mtaani watu husema "apdeti".
Draiva: programu inayoiwezesha kompyuta kusema na kifaa kilichounganishwa nayo.
Tundu: mahali pa kuchomeka waya.

MAZUNGUMZO

Natumaini umekwisha kaa mahali pako, daftari liko mbele yako, na kalamu unayo. Kama hukuyasikia mazungumzo haya katika redio, si neno. Yamepigwa chapa hapa ili uyasome polepole. Ukifika mahali pagumu, simama, rudi nyuma, usome tena.

Leo nataka kukueleza habari ya monita iliyokataa kuwaka baada ya laptopu kupata sasisho. Labda utasema, "Mimi sina laptopu, habari hii yanihusu nini?" Ngoja kidogo. Siku hizi laptopu iko katika ofisi ya kata, katika zahanati, katika chama cha ushirika, na katika vikundi vya kuweka na kukopa. Huenda wewe ndiwe mweka hazina wa kikundi chako. Siku mashine itakapoharibika, utaulizwa, "Tutoe fedha, tusitoe?" Basi ni vizuri ujue la kujibu.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Darasa letu la Hamugembe lina laptopu moja na monita moja. Monita ile tuliinunua kwa sababu maalumu. Wanafunzi wetu wengi ni watu wa makamo na wazee, na macho yao hayawezi kuona herufi ndogo za laptopu. Wenyewe wakachanga. Mama mmoja alitoa fedha za mikungu ya ndizi, mwingine akatoa fedha za senene msimu ulipofika, mzee mmoja akatoa sehemu ya fedha zake za kahawa. Tulipoiwasha mara ya kwanza, bibi mmoja aliyezoea kukaa nyuma alisimama akaisoma herufi A kwa sauti kubwa, darasa zima likapiga makofi.

Siku moja jioni nilipokuwa nazima laptopu, niliona maneno ya kunitaka nikubali sasisho. Nilikuwa na haraka, nikakubali bila kusoma, nikaenda nyumbani. Asubuhi nikawasha mashine. Laptopu ikawaka vizuri, lakini monita ikaonyesha maneno mawili ya Kiingereza, "No Signal", kisha ikawa nyeusi.

Mimi nimesoma chuo kikuu nikapata stashahada. Lakini sikuuliza swali hata moja. Nikasema mbele ya darasa, "Monita imekufa." Nikaenda mjini kwa fundi mmoja. Naye hakuigusa, alinisikiliza tu, akasema, "Hizo zikifika hapo hazitengenezeki, nunua nyingine." Nikachukua fedha za sanduku la darasa, fedha zilizowekwa kwa ajili ya kununua miwani ya wazee, nikanunua monita iliyokwisha tumika. Nikaileta darasani, nikachomeka waya, nikawasha. "No Signal"!

Sasa nilikuwa na monita mbili nyeusi, sanduku tupu, na wazee wasio na miwani. Wiki ile wanafunzi watatu hawakuja darasani. Yule bibi wa herufi A alikuwa mmoja wao. Nilipokwenda kumtazama, akaniambia, "Mwalimu, nije kutazama nini? Sioni kitu."

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja wa darasa letu, mkulima wa migomba. Aliniuliza, "Mwalimu, juzi ilikuwa nzima. Tangu juzi hadi jana, ni kitu gani kilichobadilika?" Nikafikiri. Monita haikuanguka. Waya haukukatwa. Umeme haukuleta shida. Kilichobadilika ni kimoja tu: sasisho la jioni ile. Kwa hiyo ubovu haukuwa katika monita. Ulikuwa ndani ya laptopu, nami nilikuwa nimenunua dawa ya mgonjwa asiyeumwa.

Ndugu mwanafunzi, liandike swali la mzee yule katika daftari lako: KITU GANI KIMEBADILIKA? Mkulima wa migomba akiona jani la njano hafyeki shamba zima. Huuliza kwanza: je, ni jua kali, ni wadudu, au ni mnyauko? Mashine nayo huchunguzwa hivyo hivyo.

KWA NINI SASISHO LINAWEZA KUIZIMA MONITA

Fikiri kwamba uko sokoni Bukoba. Bibi mmoja amekuja kutoka kijijini, anasema Kihaya tu. Mfanyabiashara ametoka mbali, anasema Kiswahili tu. Katikati yao yuko kijana mkalimani. Bibi anasema, kijana anafasiri, biashara inakwenda. Sasa siku moja kijana yule ameondolewa, ameletwa mwingine asiyejua Kihaya. Bibi ana mdomo mzima. Mfanyabiashara ana masikio mazima. Lakini biashara imesimama.

Laptopu ni yule bibi, na monita ni yule mfanyabiashara. Mkalimani ndiye draiva. Wakati mwingine sasisho huondoa draiva iliyokuwa ikifanya kazi, huweka nyingine isiyopatana na mashine yako. Mara nyingine laptopu hubaki na draiva ya msingi tu, ambayo yaweza kuonyesha picha katika kioo cha laptopu yenyewe lakini haiwezi kuipeleka katika monita ya nje. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu.

Jambo hili haliwapati watu wa Hamugembe peke yao. Mwaka 2018 kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa sasisho la kompyuta zake lililoitwa macOS 10.13.4. Watu wengi waliokuwa wakiunganisha monita kwa njia ya DisplayLink waliona monita zao zimekuwa nyeusi. Kampuni ya DisplayLink yenyewe ikawashauri watu wabaki na sasisho la nyuma yake, 10.13.3, mpaka dawa ipatikane. Monita zile hazikuwa mbovu hata kidogo. Fikiri ni fedha ngapi zingepotea kama kila mmoja wao angefanya kama nilivyofanya mimi.

HATUA ZA KUFUATA

Sasa nitakupa hatua sita. Zimepangwa kwa utaratibu: za kwanza hazina gharama, na ya mwisho tu ndiyo ya kutoa fedha. Shika kanuni hii: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha tazama. Ukibadilisha vitu vitatu pamoja, hata mashine ikipona hutajua ni kipi kilichoiponya.

Hatua ya kwanza: tumia macho na mikono. Je, taa ndogo ya monita inawaka? Kama haiwaki, tazama swichi ya ukutani na waya wa umeme. Kama monita inaandika "No Signal", maana yake ni kwamba monita inapata umeme, lakini haipokei picha. Chomoa waya wa picha pande zote mbili, uuchomeke tena barabara. Kisha tafuta kitufe cha monita chenye neno "Input" au "Source". Monita nyingi zina matundu mawili au zaidi, na kitufe hicho huchagua tundu la kusikilizwa. Ni kama nyumba yenye milango miwili: mgeni anabisha mlango wa mbele, nawe unamngoja mlango wa nyuma.

Hatua ya pili: washa upya. Katika laptopu za Windows chagua neno "Restart", wala si "Shut down". Nitakueleza sababu. Laptopu nyingi za siku hizi zikizimwa kwa "Shut down" huweka akiba ya sehemu ya kazi zake ili kesho ziwake upesi. Basi kosa la jana laweza kurudi kesho. "Restart" huanza upya kabisa. Wakati laptopu inajiwasha upya, chomoa monita katika umeme kwa muda wa dakika moja, kisha uirudishe.

Hatua ya tatu: ijaribu monita kwa kitu kingine. Watu wengi hudhani kwamba jambo hili lahitaji vyombo vya kifundi. Sivyo. Kama monita yako inatumia waya wa HDMI, azima king'amuzi cha televisheni kwa jirani. Chukua waya ule ule wa monita, uchomeke katika king'amuzi. Picha ikitokea, umekwisha pata majibu mawili kwa mara moja: monita ni nzima, na waya ni mzima. Ubovu uko upande wa laptopu. Picha isipotokea, badilisha waya kwanza, ujaribu tena. Kama hata kwa waya mwingine picha haitokei, hapo ndipo uishuku monita.

Ndugu mwanafunzi, king'amuzi cha jirani kingeokoa fedha za miwani. Kilikuwa nyumba ya pili tu kutoka darasani.

Hatua ya nne: tumia vitufe. Katika laptopu ya Windows kuna kitufe chenye alama ya dirisha. Kishikilie, ubonyeze herufi P. Yatatokea maneno manne. "PC screen only" maana yake picha ikae katika laptopu tu. "Duplicate" ni picha ile ile katika vioo vyote viwili. "Extend" ni kuvifanya vioo viwili kuwa kama meza moja ndefu. "Second screen only" ni picha katika monita tu. Mara nyingine baada ya sasisho uchaguzi hurudi kwenye "PC screen only". Wewe chagua "Duplicate", uone.

Kama bado, shikilia pamoja kitufe cha dirisha, Ctrl na Shift, kisha ubonyeze herufi B. Kioo kitafumba na kufumbua kama jicho, na huenda ukasikia mlio mfupi. Usiogope. Hapo laptopu inaianzisha upya sehemu yake ya picha, na kazi uliyoifungua haipotei.

Hatua ya tano: mrudishe mkalimani wa zamani. Hapa fanya taratibu, na ikiwezekana mwe wawili, mmoja asome, mwingine abonyeze. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya dirisha iliyo chini ya kioo. Chagua "Device Manager". Tafuta mstari wa "Display adapters", uufungue. Utaliona jina la kifaa cha picha. Kama pameandikwa "Microsoft Basic Display Adapter", jua kwamba laptopu imebaki na draiva ya msingi tu. Bonyeza jina hilo mara mbili, fungua sehemu ya "Driver", utafute maneno "Roll Back Driver". Maana yake ni "rudisha draiva ya zamani". Kama maneno hayo yamefifia na hayabonyezeki, basi draiva ya zamani haikuhifadhiwa. Nenda katika tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu yako, uandike namba ya laptopu iliyobandikwa chini yake, upakue draiva ya picha ya mashine hiyo. Usiichukue katika tovuti usiyoijua, maana wezi hutega mitego katika programu za bure.

Kwetu Hamugembe dawa ilipatikana katika hatua hii ya tano. Mzee wa migomba alisoma maneno, herufi moja moja, nami nikabonyeza. Laptopu ikajiwasha upya, na monita ikawaka. Haikutugharimu hata senti moja, ila bando la intaneti la siku ile.

Hatua ya sita: kama yote yameshindikana, liondoe sasisho lenyewe au mwite fundi. Kabla ya kuondoa sasisho, nakili kazi zako katika flashi. Kisha fungua "Settings", halafu "Windows Update", halafu "Update history", halafu "Uninstall updates". Tazama tarehe, uliondoe lile lililoingia siku ya kuharibika. Kama unaona shaka, mpe fundi kazi hiyo. Lakini usiende kwa fundi kama nilivyokwenda mimi. Mwambie mambo matatu: ubovu ulianza siku gani, siku hiyo kilibadilika kitu gani, na umekwisha jaribu nini. Kisha mwombe aijaribu monita mbele ya macho yako. Mafundi waaminifu ni wengi, nao hufurahi kumpata mteja wa namna hii. Asiyetaka kuijaribu mashine yako, usimpe fedha zako.

JE, TUYAKATAE MASASISHO?

Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, kama sasisho ndilo lililotutia hasara, kwa nini tusiyakatae yote?" Swali zuri. Ni kweli kwamba sasisho laweza kuwa na kosa. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya CrowdStrike ilituma sasisho bovu la programu yake ya ulinzi. Kwa hesabu ya kampuni ya Microsoft, kompyuta kama milioni 8.5 ziliathirika, na ndege nyingi duniani hazikuruka.

Lakini sikiliza upande wa pili. Mwezi wa Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba ufa mmoja katika Windows. Wengi hawakulipokea. Tarehe 12 Mei mwaka ule ule, programu ya uharibifu iitwayo WannaCry ikapita katika ufa huo, ikafunga kompyuta katika nchi nyingi. Hospitali za Uingereza zilipata taabu kubwa. Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo usiyakatae masasisho. Yapokee kwa utaratibu. Usilipokee sasisho jioni ya kuamkia siku ya kazi kubwa, kama siku ya kugawana fedha za kikundi. Lipokee siku ambayo una nafasi ya kutengeneza likitokea jambo. Hakikisha laptopu ina chaji na umeme upo, maana si vizuri mashine izimike katikati ya kazi hiyo. Weka nakala ya kazi zako kwanza. Na katika daftari la mashine andika tarehe, na kitu kilichobadilika. Laptopu za Windows pia hukuruhusu kuahirisha sasisho kwa muda. Tafuta neno "Pause" ndani ya "Windows Update".

Katika mkoa wetu kujifunza kusoma kwa kutumia mambo ya kazi si jambo geni. Mwaka 1968 ulianzishwa mradi wa kisomo uliosaidiwa na UNESCO katika mikoa inayozunguka Ziwa Viktoria, na mkoa huu, wakati ule ukiitwa Ziwa Magharibi, ulikuwamo. Watu wazima walijifunza herufi pamoja na habari za pamba, ndizi na uvuvi, ili kisomo kiwasaidie katika kazi zao. Leo laptopu imekuwa chombo cha kazi kama jembe na nyavu. Kuyasoma maneno "No Signal", na kujua maana yake, ni kisomo.

Utataka kujua mambo yaliishaje. Muuzaji hakukubali kuirudisha monita ya pili. Nilisimama mbele ya darasa, nikasema kosa ni langu, nikazirudisha fedha za sanduku kutoka katika mshahara wangu kwa miezi mitatu. Miwani ikanunuliwa. Yule bibi amerudi darasani, na sasa anaandika jina lake lote. Monita ya pili imo kabatini, nami kila nikifungua kabati naiona.

Basi, ndugu mwanafunzi, siku kioo kitakapokuwa cheusi, usiseme upesi, "Kimekufa." Uliza kilichobadilika. Jaribu yasiyo na gharama. Fedha zitoke mwisho. Kwaheri, mpaka somo lijalo.

MASWALI

1. Maneno "No Signal" yana maana gani? Je, yanaonyesha kwamba monita imekufa?
2. Mzee wa migomba aliuliza swali gani, na kwa nini swali hilo lilisaidia?
3. Kwa nini ni bora kuchagua "Restart" kuliko "Shut down"?
4. Eleza kazi ya draiva kwa kutumia mfano wa mkalimani sokoni.
5. Utamwambia fundi mambo gani matatu?

KAZI YA KIKUNDI

Chukueni monita au televisheni ya darasa na king'amuzi. Mmoja wenu abadilishe uchaguzi wa tundu kwa siri, picha ipotee. Wengine watafute kosa kwa kufuata hatua ya kwanza hadi ya tatu, huku mmoja akiandika kila jambo walilojaribu. Kisha someni maandishi hayo kwa sauti mbele ya darasa.